Kihispania cha Chumba cha Bendeji

Siku ile mliponiaga kwa soda, mandazi na ile saa ya ukutani ambayo mke wangu ameshaipiga marufuku kwa kelele zake, Nesi Akoth alisimama akauliza swali. "Mzee Yakobo, kabla hujaenda, tuambie. Kwa nini kila ukitaka kusema na jamaa za mgonjwa lazima kwanza uburute kiti?" Mkacheka, na mimi nikacheka, nikasema ni magoti ya uzee. Magoti hayahusiki. Nilianza kuburuta kiti nikiwa kijana mwenye magoti mazuri kabisa. Sasa niko nyumbani, shamba ni dogo na kuku wanajilisha wenyewe, kwa hiyo nina nafasi ya kulijibu swali hilo sawasawa. Atakayetafuta humu habari za vyeo na mshahara atazikosa, kama mimi mwenyewe nilivyozikosa.

Nilifika Nairobi kutoka Maragoli mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Binamu yangu Shem alikuwa mpishi huko Loresho kwa Mzungu wa kahawa, na yeye ndiye aliyesikia kwamba hospitali moja inatafuta kijana msafi anayeelewa Kiingereza kidogo. Hospitali ilikuwa ya Wazungu peke yao, ukitoka mjini kuelekea Kileleshwa, na bustani ya waridi mbele. Jina lake nitaliacha. Sisi Waafrika tulikuwa humo kufagia, kuosha, kubeba na kugeuza wagonjwa, na tulilala kwenye vyumba vya mawe nyuma ya jumba la dobi.

Asubuhi ya kwanza nilipewa aproni na kupelekwa mbele ya msimamizi wa wodi ya wanawake. Tulimwita Sista Viatu, kwa sababu ulisikia viatu vyake kabla ya kumwona, na hiyo ilikuwa huruma ya Mungu kwetu. Alinipa sheria kwa Kiswahili chake. "Hapana sema na mgonjwa. Hapana cheka. Hapana keti ndani ya wodi, hata kidogo." Nyuma yake alisimama mtu mfupi, mwenye mvi chache na mikono mikubwa, akisikiliza kwa adabu zote. Sista alipogeuka kuondoka, yule mtu akaninong'oneza, "Kupumua umeruhusiwa, lakini usizoee."

Huyo ndiye Kimani, dresa wetu mkuu, yaani mfunga vidonda, na kila kitu nilichowahi kuwafundisha ninyi kilitoka kwake. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba bendeji iliyokauka na damu haivutwi. Inaloweshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, unangoja, na ikiwa bado haijaachia unangoja tena. Alinifundisha kuchemsha vyombo bila kuviharibu makali, na kumgeuza mtu mzito kwa shuka badala ya mabega. Zaidi ya yote alinifundisha kwamba mgonjwa hashikwi ghafla. "Mguse kwa sauti kwanza," alisema, "ndiyo umguse kwa mkono." Nikamuuliza, na ile sheria ya kutosema na mgonjwa? Akasema, "Sista amekataza kusema. Mimi nakohoa tu, kwa lugha anayoelewa."

Siku hizo bendeji hazikutupwa. Zilifuliwa, zikaanikwa, halafu zikakunjwa upya kwa kimashine cha mbao chenye mpini, kilichofungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza. Mmoja anazungusha mpini, mwingine anaongoza kitambaa kisipinde. Kazi hiyo tuliifanya kila alasiri katika chumba kidogo chenye rafu na kikapu kikubwa cha nguo, na ndimo nilimojifunzia Kihispania.

Kitabu chenyewe kiliachwa na mgonjwa, mzee aliyevunjika nyonga aliyekuwa na ndoto ya kwenda kulima Amerika ya Kusini. Hakwenda kokote. Sista alimwamuru Kimani achome takataka zote zilizobaki katika kabati la marehemu, na Kimani alizichoma zote. Kitabu hakikuonekana kwake kama takataka. Kilikuwa cha Kiingereza, cha kumfundisha msafiri Kihispania bila mwalimu, na kwa hiyo sisi tulikuwa tukiingilia mlango wa jirani ili kufika nyumba ya tatu.

Somo la kwanza lilikuwa na mgeni anayeingia hotelini, na karani wa hotelini anamwambia, *siéntese, por favor*, yaani keti tafadhali. Kimani alipolielewa alicheka mpaka akaacha mpini. "Yakobo, hawa watu wamekosea mahali pa kuanzia. Hilo ni neno ambalo hakuna mtu atakuja kutuambia sisi!" Tangu siku hiyo, kila tukiingia chumba cha bendeji, alisukuma kile kikapu cha nguo kwa mguu na kuniambia, "Siéntese, señor," nami nikakaa juu ya mashuka kama bwana mkubwa.

Alikipenda Kihispania kwa sababu, alisema, kinasomwa kama kilivyoandikwa, a ni a na e ni e, kama lugha za watu waungwana. Lakini siku moja nilimbana aniambie sababu hasa. Alizungusha mpini kwanza. "Kiingereza naamrishwa nacho," akasema. "Kiswahili pia naamrishwa nacho, tena kibovu. Hiki hakuna mtu Nairobi nzima anayeweza kuniamrisha nacho. Hiki ni changu."

Jumapili tulitembea kupitia Muthangari, kwenye njia za katikati ya mibuni, mpaka kwake ng'ambo ya Kangemi. Mkewe, Mama Njeri, alikuwa mwanamke mrefu mwenye ulimi mwepesi. Alitutilia chai, akatusikiliza tukiagizana samaki na divai kama wasafiri wa kitabuni, akauliza, "Na hao Wahispania mtakutana nao wapi, hapa Kangemi?" Binti yao Njeri, mtoto mdogo wakati huo, alikuwa akituiga huku akiviringika kwa kicheko. Sijapata kuwa na nyumba ya pili mjini ila ile.

Katika chumba kile kile cha bendeji ndimo nilimopewa habari za kifo cha baba yangu. Simu ya maandishi ilifika ofisini asubuhi, na karani alikuwa tayari kunisomea pale dirishani, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Kimani aliiwahi. Alikuja kunichukua wodini, akafunga mlango, akasukuma kikapu kwa mguu. Nikangoja utani. Akasema tu, kwa Kiswahili, "Keti, ndugu yangu," akanipa kikombe cha chai, akakaa chini sakafuni karibu na magoti yangu, akangoja nimalize. Kwetu Maragoli ndivyo inavyofanywa. Habari ya kifo haipewi mtu aliyesimama, wala haitolewi na mtu aliyesimama. Unaketishwa, unapata kitu tumboni, mtu wa kukushika yuko karibu, ndiyo unaambiwa. Sikujua kama na kwa Wakikuyu ni hivyo. Kimani aliniambia baadaye, "Kwani nyinyi mlidhani ni nyinyi tu wenye adabu?"

Kisha Emajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyowaangukia hasa Wakikuyu. Sitaisimulia yote, walioiona wanaijua. Asubuhi askari walipozunguka mji, walifika hata kwenye vyumba vyetu vya nyuma. Tulipangwa mstari, vipande vyetu vya utambulisho vikasomwa. Changu kilisema Maragoli, nikasukumwa upande huu. Cha Kimani kilisema Kiambu, kwa Wakikuyu, akasukumwa upande wa lori. Hakukuwa na swali lingine. Alikuwa bado na aproni. Alipopita mbele yangu alisema kwa sauti ya kazini kabisa, "Yakobo, vyombo viko motoni." Nikaenda nikazima moto. Nilipotoka, lori lilikuwa limeondoka.

Kitabu kilikuwa rafuni, na siku hizo maneno yasiyoeleweka yaliyopatikana kwenye chumba cha mtu yalitosha kumpoteza. Nilikivingirisha katika shuka kuukuu nikakiweka chini kabisa ya kabati la nguo zilizochanika, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta chochote. Nilijiambia ninamhifadhia mwenyewe mpaka arudi. Miaka ikapita sikukigusa. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilikuwa na hasira. Kila nilipofikiria kusoma ukurasa bila yeye niliona kama nakalia kiti cha mtu aliyefungwa. Mwenzangu mpya kwenye mpini alikuwa mtu mwema sana aliyezungumzia baiskeli tu. Kihispania kikanitoka kidogo kidogo, kwanza vitenzi, halafu majina ya vyakula, nikabaki na maneno machache ya kuombea maji.

Nilipoweza nilikwenda kumwona Mama Njeri. Walikuwa wamehamishwa na kubanwa katika kijiji kimoja chenye handaki kuzunguka, na askari kwenye lango. Nilimpelekea sukari na sabuni. Kila mara aliniuliza swali moja, "Kuna neno?" nami nilijibu, "Hakuna." Alikuwa hacheki tena kama zamani, ila mara moja alitazama mifuko yangu akasema, "Na samaki na divai hukuleta?" Nikatamani kulia.

Hali ilikuwa imeanza kulegea kidogo alipoletwa mgonjwa wa ajali ya gari karibu na Naivasha. Mume na mke, wageni, walikuwa wakiendesha kutoka Kongo kwenda Mombasa kupanda meli, gari likawashinda kwenye mteremko wa bonde. Mume alikufa pale pale. Mke, jina lake Pilar, aliletwa akiwa amevunjika mguu wa kushoto na hana fahamu. Alipozinduka, hakuna aliyemwelewa neno. Sista mmoja alijaribu Kifaransa, ikashindikana. Karani wetu Mgoa aliitwa, akasimama mlangoni, akasema kwa masikitiko kwamba Kireno chake ni cha sala tu. Kulikuwa na padri Mhispania mahali fulani kaskazini, ila mvua ilikuwa imekata barabara. Mkalimani angeletwa kwa ndege mwisho wa wiki.

Na mguu haukuwa na nafasi ya kungoja mwisho wa wiki. Nilikuwa nikiufungua kila asubuhi na nilijua harufu ile kabla daktari hajaitaja. Vidole vilikuwa vimekufa, na weusi ulikuwa unapanda. Walimletea karatasi ya kukubali kukatwa, wakamchorea mguu, wakaonyesha kwa mkono. Alielewa haraka sana. Akatikisa kichwa, akaonyesha ukuta.

Ukuta huo ulikuwa na kisa chake. Siku alipozinduka aliita jina la mumewe, Ramón, na Sista Viatu, kwa huruma, aliegemeza shavu juu ya viganja na kuonyesha upande wa pili wa ukuta. Mume amelala huko, anapumzika. Basi Pilar alikuwa akimngoja. Kila alipopita mwanamume kwenye ushoroba wa wodi aliinua kichwa. Mguu wake haungekatwa mpaka Ramón aje akae naye, na Ramón alikuwa katika nyumba ya maiti. Daktari mpasuaji, mtu asiyependa maneno mengi, alisema mbele yetu, "Akiendelea kumngoja, atamfuata."

Alasiri hiyo nilikuwa nikibadilisha maji kwenye meza yake aliposema taratibu, macho yamefumbwa, "Agua." Niliinua kichwa chake nikamnywesha. Alipofumbua macho aliniona, akapiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. "Siéntese," akasema. Neno ambalo hakuna mtu angekuja kutuambia, nimeambiwa, na aliyenifundisha hayupo kulisikia. Nilitikisa kichwa kwamba hapana, siruhusiwi, na nilipogeuka Sista Viatu alikuwa nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza sikuwa nimevisikia viatu.

"Yeye nasema nini?"

"Ameomba maji, Sista."

"Wewe najuaje?"

Mtu anayejua kitu asichopaswa kujua, siku hizo, alikuwa karibu na lori kuliko wodi. Lakini nilimtazama yule mwanamke akitazama ukuta wake. Nikasema, "Nilijifunza kidogo, Sista. Na Kimani. Katika kitabu." Jina la Kimani halikuwa limetajwa wodini tangu asubuhi ile. Sista akasema, "Leta hiyo kitabu."

Nilikwenda kwenye kabati, nikatoa nguo zilizochanika moja moja, nikafungua shuka. Kilikuwa kimeota ukungu kwenye jalada. Ndani, kwenye somo la kwanza, kulikuwa na alama ya kidole gumba cha Kimani, ya dawa ya ayodini. Nilikaa juu ya kikapu nikalia kama mtoto, halafu nikajipangusa na kuanza upya. Nilisoma kila nafasi ya chakula siku hiyo na iliyofuata, mwenzangu wa baiskeli akizungusha mpini peke yake na kuongoza kwa mkono mwingine, Mungu ambariki. Nilisahihisha matamshi kwa kumwendea Pilar na kumuuliza baridi, maumivu, mto. Kitabu kilikuwa cha wasafiri. Kilijua kuulizia kituo cha treni na chumba chenye dirisha la baharini, na kila neno la msiba nililolihitaji nililitafuta kwenye orodha ya nyuma, nikaliunganisha na jingine kama mtu anayeshona kiraka.

Asubuhi ya tatu daktari aliniita kwenye ofisi ya Sista. "Mwambie mambo mawili," akasema. "Mumewe amekufa, na mguu lazima utoke leo. Nenda."

"Nitamwambia, Daktari. Lakini kwanza apewe supu. Na mimi siwezi kumwambia nimesimama."

"Kwa nini?"

"Kwetu habari hiyo haitolewi hivyo. Ataona kama ninampitia tu, nina kazi nyingine ya kuendea."

Sista akasema, "Hapana keti ndani ya wodi, Yakobo. Wewe najua sheria." Hakusema kwa ukali. Alitazama mlangoni, na nilijua anatazama nini. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mke wa mkulima mkubwa ambaye tayari alikuwa ameuliza, kwa sauti ya kusikika, tangu lini boi anapiga gumzo na wagonjwa. Sista angeweza kupoteza kazi yake, na mimi ningepoteza yangu na zaidi. Lakini niliona wazi kwamba nikisimama pale na kuangusha maneno hayo juu ya kichwa cha yule mama, hatayaamini. Atadhani hata hili ni la kuigiza kwa mikono. Nikasema, "Basi, Sista, mimi siwezi." Sijui nilipata wapi ujasiri. Magoti yalikuwa yakitetemeka, ndiyo maana huwa nayasingizia.

Daktari alitoka nje kuvuta sigara. Sista alimwagiza nesi alete supu. Nilikwenda nikasimama kando ya kitanda, nikamwangalia Pilar akinywa. Nyuma yangu viatu vikaenda mpaka ofisini, vikanyamaza, halafu vikarudi polepole, vimebeba uzito. Sista Viatu aliweka kiti chake mwenyewe, cha ofisini, chenye mto wa ngozi, kando ya kitanda, akavuta pazia na kusimama upande wa pili akamshika Pilar mkono. Hakunitazama.

Nikakaa. Mara moja Pilar aliacha kijiko. Sasa nyuso zetu zilikuwa usawa mmoja. Nilimwambia sentensi niliyoishona siku zile, "Señora, su marido ha muerto." Mumeo amekufa. Hakupiga kelele. Aligeuka akautazama ule ukuta, kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu matofali yake.

"¿Dónde?" Wapi?

"En el camino." Njiani.

"¿Solo?" Peke yake?

Hilo sikuwa nimeliandaa. Hakuna ukurasa ulionisaidia. Nikasema, "No, señora. Con usted." La, mama. Akiwa na wewe.

Ndipo alipolia. Aliutoa mkono wake kwa Sista akaushika wangu, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, na nyuma ya pazia mke wa mkulima akakohoa, akakohoa tena, mpaka akachoka. Sikuharakisha. Kimani alinifundisha kwamba kitambaa kilichoshikana na kidonda kinangojwa. Alipotulia nilimwambia habari ya mguu, vibaya, maneno yakigongana, na nadhani aliniacha nimalize kwa heshima tu maana alishaelewa. Akauliza kama kesho inafaa. Nikasema, "Hoy." Leo. Akauliza kama nitakuwepo. Sikuwa na ruhusa ya kuingia chumba cha upasuaji, ila nilipomtafsiria daktari alisema, "Anawe mikono vizuri." Nilisimama kichwani kwake mpaka dawa ya usingizi ilipomchukua, nikimtajia majina ya vitu kwa Kihispania, mlango, taa, shuka, sauti ikitangulia kama nilivyofunzwa.

Alipona. Alikaa nasi mpaka akajua kutembea na magongo, na kila siku alinisahihisha vitenzi bila huruma. Siku ya kuondoka alinipa mkono mbele ya wodi nzima. Kiti cha Sista hakikurudi ofisini. Kilibaki nyuma ya pazia la mwisho, na hakuna aliyeuliza ni cha nani, na Sista akawa anaandika ripoti zake amesimama. Sheria haikufutwa. Ila tulipokuwa na habari nzito ya kumpa mtu, mmoja wetu alikwenda kukichukua.

Tangu hapo sikukiacha tena kitabu. Nilisoma somo kwa somo, peke yangu juu ya kikapu, na hasira yangu ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine. Niliona ninamwandalia Kimani mtu wa kuzungumza naye. Nilimsimulia Mama Njeri habari za Pilar. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akapiga makofi. "Kumbe mlikutana na Mhispania! Mwache arudi nimwambie, mimi nilikuwa nimekataa." Alikuwa akikohoa siku hiyo. Nilimletea dawa ya kifua Jumapili iliyofuata, na nyingine iliyofuata. Mvua zilipoanza alikuwa hawezi kuinuka, na nilipofika mara nyingine walikuwa wameshamzika kando ya handaki, na Njeri yuko kwa nyanya yake. Nilimlilia kama ninavyowalilia wa kwetu. Mimi na huyo nyanya tuliandika barua kwa kambi tuliyodhani ndimo Kimani alimo. Hatukupata jibu, na hatukujua kama imefika.

Basi nikabaki na habari hiyo. Kwa mwaka mzima na zaidi niliibeba, nikiipanga na kuipangua. Nilijua vizuri nitakavyofanya. Nitampa kwanza maji ya kunawa, kisha chai, kisha chakula, nitamwita Shem kutoka Loresho aje awe karibu, ndipo nitasema, kwa Kiswahili kizuri cha taratibu.

Alikuja alasiri moja ya katikati ya wiki, bila kutangazwa. Nilikuwa chumbani kwangu nyuma ya jumba la dobi, nimetoka zamu, sufuria ya chai iko motoni. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama kizingitini na koti lililomzidi, amekonda, mvi zote zimetoka, mikono ile ile mikubwa. Alikuwa ameshuka mjini na kuja kwa miguu, kwangu kwanza kwa sababu mimi niko njiani.

"Moto wa vyombo ulizimwa?" akauliza.

"Ulizimwa."

Tukacheka, tukashikana. Akaangalia chumba, akakiona kitabu juu ya meza, akakigusa kwa kidole. Uso ulimng'aa. "Bado unacho! Mama Njeri ataniambia tena hakuna Wahispania Kangemi." Kisha akavaa kofia yake. "Wacha niende kabla jua halijashuka. Ulipita huko karibuni? Hawajambo?"

Yote niliyoyapanga yakanitoka. Maji, chakula, Shem, Kiswahili kizuri, sikupata hata neno moja. Nilichukua kiti changu, kilikuwa kimoja tu, nikakifuta kwa mkono wa shati nikakiweka nyuma yake.

"Siéntese," nikamwambia. "Por favor."

Alianza kucheka. Aliniangalia usoni, kicheko kikakatika katikati. Akavua kofia. Akashika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, bado amesimama.

"Njeri," akauliza, "au mama yake?"

"Mama yake."

Akakaa. Nami nikakaa chini sakafuni, karibu na magoti yake, na chai ikachemka mpaka ikakauka.